Muulize Fundi: Tangi limejaa, injini inalia njaa

Mwezi huu barua zinanuka petroli. Nimechagua tano, na naanza na ile ninayodaiwa.

*Shikamoo fundi. Mimi ndiye yule wa Peugeot 504 wa Korogwe. Mwezi uliopita uliniambia nibadilishe kondensa ya distributa. Nimebadilisha, nikaongeza na koili juu yake, gari bado linanizimikia nikipanda Lushoto. Korogwe hadi Mombo linakwenda vizuri kabisa. Nikianza zile kona za kwenda Soni linakohoa, nguvu inapungua, narudi gia ya pili, ya kwanza, mwisho linazima. Nikikaa kando dakika kumi au robo saa linawaka, nakwenda kilomita mbili tatu, mchezo unarudia. Nikishuka na mzigo wa kabichi na pichi halina shida hata kidogo. Kabureta imefunguliwa mara tatu na mafundi wawili tofauti, imesafishwa, imebadilishwa gaskiti, na huyu wa mwisho anasema ninunue nyingine. Vitu vipya nilivyoweka mwaka huu ni matairi ya nyuma na kofia ya tangi yenye kufuli, maana pale ninapolaza gari vijana walikuwa wananinyonyea mafuta usiku. Nisaidie, fundi, nimeshaanza kulichukia gari. (Mfanyabiashara wa mboga, Korogwe)*

Marahaba, bwana mdogo. Kwenye kondensa nilikosea, na hela yako imekwenda. Barua yako ya kwanza ilisema gari likichemka linazima na likipoa linawaka, nami nikakimbilia moto wa plagi, kwa sababu koili na kondensa zikichoka ndiyo tabia yake. Lakini sikukuuliza swali ninalomuuliza kila anayeingia hapa gereji kwetu Ngamiani: linakufaje? Gari lililokatika umeme hufa ghafla, kama mtu amezima taa. Unakanyaga eksileta na hakuna jibu. Lililokosa mafuta hufa taratibu. Linakohoa, linavuta kidogo, linaachia, ukiinua mguu linapata ahueni, ukikanyaga tena linazama. Safari hii umenieleza vizuri linavyokufa, na hicho kifo ni cha njaa.

Halafu umeniandikia mistari mingi ya kabureta na nusu mstari wa kofia ya tangi. Mimi huo nusu mstari nimeusoma mara mbili.

Chukua chupa ya maji ya plastiki, itie mdomoni, nyonya bila kuachia pumzi. Mafunda mawili matatu yanakuja, kisha chupa inabonyea na maji yanagoma. Tangi ni vilevile. Kila petroli inayotoka lazima hewa iingie ishike nafasi yake, la sivyo pampu inabaki kuvutana na tangi, na ile pampu ndogo iliyobanwa ubavuni mwa injini haina misuli hiyo. Magari ya zamani yanapumulia kwenye tundu dogo la kofia yenyewe, au kwenye kibomba chembamba kilichochomoza karibu na shingo ya tangi. Hizi kofia za kufuli zinazouzwa rejareja nyingi zimetengenezwa zimfukuze mwizi, hazikutengenezewa gari fulani, na ukizigeuza huoni tundu lolote.

Sasa linganisha na ulichoandika. Tambarare ya Korogwe hadi Mombo injini inakunywa kidogo kidogo, na hewa inayopenya kwenye nyuzi za kofia inatosha. Mlimani inakunywa kwa pupa, tangi linabanwa, pampu inashindwa. Ukikaa kando robo saa hewa inajipenyeza polepole, gari linawaka, na wewe unadhani limepoa. Ukiteremka mguu hauko kwenye eksileta, kwa hiyo hata ukilibana shingo halitalalamika.

Jaribu hivi. Safari ijayo likianza kukohoa, egesha mahali salama, usisubiri dakika hata moja. Nenda nyuma, weka sikio karibu, fungua kofia polepole. Ukisikia *fyuuu* ya hewa inayoingia ndani, rudi upige stata. Likiwaka pale pale, tumempata. Kofia zenye kufuli na tundu la pumzi zipo. Dukani ipulize kwa mdomo kabla hujatoa hela, na hapo usimwonee haya muuzaji. Na kama gari lako lina kile kibomba cha shingoni, kikague pia. Hapa Tanga nyigu wanapenda matundu. Datsun moja niliifungia pampu mbili mpya kwa ujeuri wangu, kumbe kwenye kibomba cha pumzi nyigu alikuwa amejenga nyumba ya udongo, kaifinyanga safi kabisa, na watoto wake ndani. Mwenye gari alinidai pampu ya pili, na nilimlipa.

Kama hakuna *fyuuu*, usikate tamaa, ila usirudi kwenye kabureta. Likiwa limezima tu, fungua kifuniko cha chujio la hewa, chungulia kwenye koo la kabureta, na kwa mkono vuta ile nyaya ya eksileta mara moja. Sigara mbali, na mtu asipige stata wakati uso wako uko pale. Ukiona petroli inaruka kama mshipa mwembamba, kabureta ina mafuta ndani, turudi kwenye umeme nami nitakuwa nimekosea mara mbili. Pakiwa pakavu, mafuta hayafiki, na kazi inaanzia nyuma kwenda mbele.

Gari likiwa limepoa kabisa, chomoa mpira unaoingia kabureta, utie kwenye chupa safi ya kioo, chomoa waya mnene wa koili ili injini isiwake, mwambie mwenzio apige stata. Petroli ije kwa mapigo manene, *pwa, pwa, pwa*. Ukiona mwendo ambao ungejaza nusu lita kwa dakika moja, pampu ni nzima. Hapo itazame chupa dhidi ya mwanga. Mapovu yakija pamoja na petroli, kuna mahali hewa inaingia, na mahali hapo pako kati ya tangi na pampu. Hili linawapoteza mafundi wengi: upande wa mbele wa pampu mafuta yanasukumwa, mpira ukipasuka utaona tone; upande wa nyuma yananyonywa, kwa hiyo mpira uliochanika mara nyingi haudondoshi kitu, unavuta hewa tu kimya kimya. Unaweza kulala chini ya gari saa nzima na usione hata unyevu. Badilisha vile vipande vyote vifupi vya mpira, ni vitu vya bei ndogo, na uombe mpira wa petroli. Ule wa maji petroli inauvimbisha ndani mpaka tundu linaziba, wakati nje unaonekana mpya.

Liko na suala la joto. Petroli ikichemka ndani ya bomba inageuka mvuke, na pampu haijui kusukuma mvuke. Angalia bomba la mafuta lisiguse ekzosi, na lile filta la plastiki lisining'inie juu ya injini kama nyama ya kukausha. Madereva wa zamani wa mlima ule walikuwa na kitambaa na dumu la maji: kitambaa kibichi juu ya pampu, dakika mbili, safari. Ukikifanya hicho na gari likawaka, tatizo ni mvuke, na dawa ni kuhamisha bomba au kulikinga kwa bati. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, usiniambie kona za Soni zimeizidi. Ikifika wiki ya pili bila jibu, niandikie.

*Fundi, habari za kazi. Nina Land Rover Series III ya petroli, 109 (ile ndefu), ninayoitumia Jumamosi na Jumapili kwenda shamba ng'ambo ya Bweni. Kila Jumamosi asubuhi napiga stata mpaka betri inalegea. Mjukuu wangu anamimina petroli kidogo kwenye kabureta kwa chupa, linawaka, na siku nzima halizimi tena. Je, pampu imekufa? (Mwalimu mstaafu, Pangani)*

Mwalimu, shikamoo. Tuanze na hiyo chupa. Mwaka wangu wa pili kazini, kwenye karakana ya shamba la mkonge, nilimimina hivyo hivyo, dereva akapiga stata kabla sijaondoa mkono. Injini ikarudisha moto juu. Nyusi ziliota tena baada ya miezi miwili, na harufu ya nywele zangu mwenyewe naikumbuka hadi leo. Huyo mjukuu bado ana nyusi zake, mwachie.

Pampu yako haijafa, maana ingekuwa imekufa lisingetembea siku nzima. Kwa joto la Pangani, petroli ya kwenye bakuli la kabureta inakauka kwa siku tano unazoliacha. Hilo ni kawaida. Pampu nzima inalijaza tena kwa mizunguko michache ya injini. Yako inachelewa kwa sababu bomba lote limebaki tupu: mafuta yamerudi tangini, ama kwa vivalvu vya pampu visivyofunga vizuri, ama kwa hewa inayoingia mahali.

Pembeni mwa pampu ya Land Rover kuna kiwiko kidogo cha chuma. Wengi hawajui kazi yake. Kipandishe na kukishusha kwa kidole: unapampu kwa mkono. Mara ishirini thelathini, utahisi kikianza kuwa kizito, kisha kinalegea kabisa. Hapo bakuli limejaa, piga stata. Kikiwa kimelegea tangu mwanzo, usiseme kimevunjika. Mkono wa pampu umesimama juu ya kilele cha kemu (nundu ya ndani ya injini inayousukuma), zungusha injini kidogo kwa hendeli, ujaribu tena. Jumamosi hii fanya hilo na chupa ipumzike.

Kisha ugonjwa wenyewe. Kama pampu yako ni ile yenye kikombe cha kioo chini, kifungue. Chini ya petroli, maji yanakaa kama shanga, yanatembea ukiinamisha kikombe. Hewa ya pwani inaingia kwenye tangi lililo nusu na usiku inageuka maji. Yamwage, pangusa kichujio cha waya, na ubadilishe gaskiti. Ile ya koki, gome laini kama la kizibo cha chupa, ikikauka inavuta hewa hata ukiikaza mpaka kioo kilie. Wakati uko hapo, vuta kijiti cha kupimia oili na ukinuse. Kikinuka petroli, au oili imepanda kuliko ulivyoiacha, diaframu ya pampu (ule utando wake wa ndani) imechanika na inamwagia petroli kwenye injini. Hapo usiliwashe tena hata kwenda kivukoni, mpaka pampu ifungwe upya na oili yote imwagwe.

*Fundi, mambo! Nimeokota pampu ya umeme ya Toyota ya EFI iliyopata ajali. Nataka niifunge kwenye Datsun 1200 yangu, niachane na hii ya kizamani. Itafaa? (Kijana wa Nguvumali, Tanga)*

Poa. Haitafaa. Tairi la gari lako unalijaza upepo wa 30 hivi. Pampu ya EFI, yaani ya injini inayopuliziwa petroli bila kabureta, inasukuma zaidi ya 40 kwa kipimo hicho hicho. Kabureta yako inataka 3 au 4 tu. Ile sindano ndogo inayofunga mafuta bakuli likijaa itasukumwa wazi, petroli itafurika juu ya kabureta na kuteremkia kwenye ekzosi, ambayo kwa wakati huo ina joto la kukaangia samaki. Nimekwenda kulitazama gari la namna hiyo. Sikuwa na la kufanya isipokuwa kumshika mwenyewe bega.

Ukitaka ya umeme, tafuta iliyotengenezwa kwa kabureta, ifunge nyuma karibu na tangi kwa sababu hupenda kusukuma kuliko kunyonya, na weka swichi inayoikata injini ikizima, ili siku ukigonga isiendelee kumwaga mafuta wewe ukiwa ndani. Lakini kwanza niambie ile ya kizamani imekukosea nini.

*Fundi, Volkswagen Beetle yangu inanuka petroli nikisimama kwenye foleni. Inatembea vizuri. Ni kawaida ya gari hizi? (Muuguzi, Muheza)*

Si kawaida. Usilitembeze kesho. Injini iko nyuma yako na haina dirisha la kuitazama. Kwenye kabureta ya Beetle kuna kipande cha bomba la shaba kinachopokea mpira wa mafuta. Kimeingizwa kwa kubanwa tu, na kwa miaka na mtetemo kinalegea, siku moja kinachomoka na mpira wake. Ukishike kwa vidole na kukizungusha: kikicheza, fundi akitoe na kukifunga upya kwa nyuzi za skrubu, asikigonge kwa nyundo kurudi ndani. Badilisha na mipira yote, ile yenye nguo juu ndiyo ya kwanza, na uchunguze na unapoketi: tangi liko mbele, karibu na miguu, na mpira wa chini yake nao una umri wako.

*Kaka fundi, marehemu mume wangu aliacha Morris Minor. Limekaa bandani miaka saba. Mwanangu anaolewa mwezi wa kumi na mbili na anataka alipande siku hiyo, kwa kumbukumbu ya baba yake. Kijana wa jirani alitia petroli mpya na betri. Ukiwasha ufunguo kuna kitu kinalia tik-tik-tik bila kukoma na gari haliwaki. Anasema tangi limetoboka, alipeleke kwa welda. (Mama Bibi Harusi, Chumbageni)*

Dada yangu, pole, na hongera kwa harusi. Huyo kijana mzuieni leo, hata kwa simu. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lililojaa mafuta halina nafasi ya mvuke, na tupu ni mvuke mtupu. Haliunguzwi kwa moto wa welda mpaka lioshwe na anayejua kazi hiyo. Hata fundi wa rejeta anayeziba kwa risasi, mwulizeni kwanza analisafishaje. Akijibu kwamba limekauka tu halina neno, lichukueni mrudi nalo nyumbani.

Ile tik-tik ni pampu. Morris Minor ina pampu ya umeme ya SU, iko mbele chini ya boneti, na inaongea. Ikipiga haraka mara chache halafu ikanyamaza, imejaza kabureta na inasubiri. Ikiwa kimya tangu mwanzo, pointi zake (vidole vinavyogusana kupitisha umeme) zimeshika kutu. Unaigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi, inaamka. Yako inapiga bila kukoma, maana yake inanyonya na haipati kitu, mara nyingi kwa sababu inavuta hewa mahali. Pampu angalau inapiga, jambo la kushukuru.

Petroli ya miaka saba haichanganywi na mpya. Inanuka kama vanishi na inaacha gundi ya kahawia inayoziba kila tundu. Tangi lifunguliwe, limwagwe, litiwe kokoto safi viganja viwili au kipande cha mnyororo mwembamba na maji ya sabuni, litikiswe na vijana wawili kwa zamu mpaka maji yatoke bila wekundu. Kisha siki, ikae siku mbili, suuza, na mlianike juani mdomo wazi mpaka ndani pakauke kabisa. Unyevu uliobaki ni kutu ya wiki ijayo. Hapo ndipo mtajua kama limetoboka kweli. Bomba la chini lipulizwe kwa kompresa kutoka mbele kurudi nyuma, likiwa halijaunganishwa na pampu wala tangi. Filta iwekwe mpya, na ibadilishwe tena baada ya wiki moja, kwa sababu vumbi la kutu lina ukaidi.

Kazi hii ianze sasa, si wiki ya harusi. Likiwaka, mtu alizungushe Chumbageni na Bombo kila jioni kwa wiki mbili, tangi lisijazwe zaidi ya nusu, na arudi kabla ya giza. Taa za Morris ni barua nyingine. Breki pia zikaguliwe kabla ya yote hayo, gari likikaa miaka saba breki hukaa nalo.